Kuku wa Uani, Jirani wa Ukutani

Uliye jikoni unasubiri chai ichemke, uliye kwenye daladala umekwama pale Faya, uliye Mtaa wa Congo unapanga mzigo kabla wateja hawajaanza kubanana, karibu tukae pamoja kidogo.

Leo nataka tuzungumze kuhusu kuku. Tutamgusa mbuzi, tutamgusa na paka, lakini hasa kuku. Wala si kuku wa Chanika au Kisarawe, kwenye mashamba yenye nafasi. Nazungumzia kuku wa hapa hapa katikati ya Dar es Salaam: Kariakoo, Gerezani, Ilala, Kisutu, Mchikichini. Kuku anayelala nyuma ya nyumba yenye wapangaji kumi na wawili, anayechakura pembeni mwa karo, anayeruka juu ya ndoo ya mtu na kufukuzwa kwa kandambili.

Nianze na swali. Uani kwenu kuna kuku wangapi, na ni wa nani?

Nadhani wengi jibu mnalo bila kufikiri sana. Wawili wa mama mwenye nyumba. Watatu wa dada wa chumba cha nyuma. Yule tetea mwenye kishungi ni wa babu fundi cherehani. Na mnawajuaje? Kwa kitambaa. Tazama miguu ya kuku wa uani wowote wa Kariakoo, utakuta mmoja kafungwa kipande cha kanga chekundu, mwingine uzi wa bluu, mwingine kipande cha mpira wa baiskeli. Kitambaa kile ni hati ya umiliki, na uani mzima unaiheshimu. Kuku wanakula pamoja, wanalala banda moja, jioni wanaingia wenyewe, na hakuna anayemchinja wa mwenzake.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame leo. Kufuga mjini ni jambo la ujirani. Nitalirudia hili mara kadhaa, msikilizaji, usinichoke. Banda, chakula na dawa ni vya lazima, lakini vyote vinasimama juu ya ujirani. Kuku wa mjini hana uzio. Anachokula jirani yako amekitupa, anapougua jirani yako anaambukizwa, anapowika ni jirani yako anayeamka.

Sasa twende nyuma kidogo, tuone huu uani umetoka wapi.

Kariakoo unayoiona, yenye mitaa iliyonyooka na kukatana, ilipimwa zamani. Wajerumani waliinunua ardhi ile, iliyokuwa shamba la minazi, karibu na mwaka 1914, wakakusudia iwe makazi ya Waafrika. Vita Kuu ya Kwanza ikawakuta. Waingereza walipoingia, eneo la soko likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na jina likabaki mpaka leo. Baada ya vita watu wakajenga. Nyumba waliyoijenga tunaijua sote: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele, na nyuma uani. Uani ndiko kwenye jiko, choo, kamba ya nguo, mti mmoja wa mwarobaini au mpapai, na banda la kuku.

Mabanda yale yalijengwa kwa mabanzi, vipande vya bati na milango ya kabati la zamani. Wazee wetu walitoka Rufiji, Uzaramo, Unyamwezi na Ngazija, na kuku alikuja nao. Kwa muda mrefu hakuna aliyemwona kuku kama kitu cha shamba kilichopotea njia kikajikuta mjini. Mgeni akija, kuku. Mzazi akitoka hospitali, supu ya kuku wa kienyeji. Maulidi, hitima, ubatizo, kuku.

Halafu ikaja miaka ya 1980. Waliokuwepo wanakumbuka. Maduka yalikuwa matupu, sabuni na sukari vilikuwa vya foleni, na mshahara wa karani haukufika popote. Ndipo neno mradi likaingia majumbani. Kila nyumba ilikuwa na mradi: vitumbua, barafu, ushonaji, na kuku. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyekuja Dar es Salaam mwishoni mwa miaka hiyo na kutoa kitabu mwaka 1997 kuhusu uchumi usio rasmi wa jiji hili, aliona jambo ambalo kina mama walikuwa wanalijua tayari: familia za mjini ziliishi kwa hiyo miradi, si kwa mshahara. Kuku wa uani walinunua madaftari. Trei ya mayai ililipa nauli. Watu wazima wengi leo, wenye vyeo na magari, ada zao za sekondari zilitoka bandani.

Ndiyo maana huwa nasikia vibaya mtu anaposema kufuga kuku mjini ni ushamba. Nasikia vibaya sana. Ni kutowashukuru mama zetu.

Hata serikali ilikuwa na neno kuhusu ufugaji wa mjini. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliuwekea mipaka: mifugo isizurure barabarani, na mtu anayefuga ng'ombe ndani ya mji asizidishe wanne, tena wawe bandani. Juu ya hapo kuna sheria ndogo za halmashauri zinazohusu usafi na kero kwa jirani. Kama uko Kariakoo au Ilala, halmashauri yako ni ya Jiji la Dar es Salaam, maana mwaka 2021 iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo ilipandishwa ikawa Jiji. Kwenye kata yuko ofisa mifugo, tuliyezoea kumwita bwana mifugo, hata akiwa mama. Je, unamjua wako? Unajua ofisi yake iko wapi? Shika swali hilo, tutalihitaji baadaye.

Haya. Tumeona uani ulikotoka. Sasa tuone unavyoendelea.

Uani unapungua, msikilizaji. Pita Mtaa wa Aggrey, pita Narung'ombe, pita Sikukuu. Nyumba ya vyumba sita inavunjwa, ghorofa linapanda. Chini maduka, juu vyumba, katikati stoo za mabegi na vitambaa. Sina ugomvi na ghorofa. Watu wanahitaji pa kuishi na pa kufanyia biashara. Lakini ghorofa likipanda, uani unakwenda, na kuku hana pa kukaa ila darini. Na kweli, panda juu ya baadhi ya mapaa ya zege pale Kariakoo utakuta mabanda, kati ya matangi ya maji na madishi. Huko juu adui wa kwanza ni jua. Januari na Februari zege linachoma. Utamwona kuku kaacha mdomo wazi, mabawa kayatanua mbali na mwili, anahema. Huyo si mgonjwa, ni joto. Mtilie kivuli cha makuti au turubai, acha hewa ipite pande mbili, na maji yabadilishwe mchana, maana yale ya asubuhi, ikifika saa saba, yamekuwa ya moto. Kuku aliyezidiwa na joto huacha kutaga, na akizidi kuzidiwa anakufa ndani ya mchana mmoja.

Adui wa pili ni kunguru. Hapa nitakaa kidogo.

Kunguru hawa wa mjini, wembamba, weusi wenye shingo ya kijivu, si wa kwetu asili yao. Ni wa Bara Hindi. Waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wakazaana, wakavuka mpaka bara. Dar es Salaam imewahi kuendesha kampeni ya kuwapunguza, kwa mitego na kwa sumu, wakapungua kweli, lakini hawakwisha. Na kunguru anapenda kifaranga. Anakaa juu ya ukuta, kichwa upande, anasubiri mama yao ageuke. Sekunde moja tu, kimeondoka. Mama kuku aliyeangua vifaranga kumi na kimoja anaweza kubaki na viwili wiki ya pili.

Unafanyaje? Kina bibi wa Kariakoo wana njia zao, na zinafaa. Ya kwanza ni tenga. Lile tenga la kubebea nyanya, linageuzwa juu chini, mama na vifaranga wanakaa chini yake na maji na pumba zao, jiwe juu. Wiki tatu au nne za kwanza hawatoki bila mtu kuwatazama. Ya pili ni wavu. Nyavu kuukuu za wavuvi zinatandazwa juu ya kona ya uani, kunguru haingii. Ya tatu umeiona, vifaranga wa rangi ya zambarau na waridi, wamepakwa rangi ili ndege wasiwatambue kama chakula. Hiyo ya tatu mimi siiamini sana. Kunguru ana akili, hachelewi kuzoea. Tenga ndilo ninalolipigia debe. Na tena, mtoto wa jirani anayecheza uani akiwa na fimbo mkononi ni mlinzi bora kuliko rangi yoyote. Mpe yai Ijumaa, ndio mshahara wake.

Umeona? Hata hapo tumerudi kwa jirani.

Tuje kwenye chakula. Kuku wa kienyeji wa uani anakula nini katikati ya mji wa lami? Anakula mji. Majani ya kabichi na mchicha yanayobaki sokoni, ukoko wa wali, makombo ya mama lishe, punje zinazomwagika mahali magunia yanaposhushwa. Lakini hayo peke yake hayatoshi. Atapata shibe bila nguvu, na yai litakuwa la nadra. Mwongezee pumba za mahindi, dagaa kidogo waliosagwa, na mashudu ya alizeti. Maganda ya mayai yakaushwe, yasagwe, yarudi kwake kama chokaa. Maduka ya mbegu na dawa za mifugo yanayozunguka soko la Kariakoo yanauza hivi vyote hata kwa kipimo kidogo, huna haja ya gunia.

Sakafuni mwa banda mwaga maranda. Maranda ya mbao yako Keko kwa mafundi seremala, kwa viroba, na mara nyingine ukiomba vizuri wanakupa bure kwa sababu yanawajaza karakana. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ugomvi mkubwa kati ya mfugaji na jirani si jogoo, ni harufu. Na harufu haitoki kwa kuku, inatoka kwenye maji. Kinyesi kikavu kwenye maranda makavu hakinuki sana. Kikilowa, na mvua za masika zikiingia bandani, hapo mtaa mzima utajua. Basi inua banda juu ya matofali, rekebisha bati linalovuja, chombo cha maji kisimwagike, na maranda yageuzwe kila siku mbili tatu. Yakichakaa usiyamwage mtaroni. Wanaolima mchicha huko mabondeni wanayahitaji, wanayanunua kwa kiroba. Lakini yakae kwanza wiki kadhaa yaive, mabichi yanaunguza mboga.

Na jambo la sabuni. Kinyesi cha kuku kinaweza kubeba vijidudu vya salmonela, ambavyo vinamharisha mtu vibaya, mtoto hasa. Mabeseni ya vyombo yasikae chini ya banda. Mtoto akitoka kuokota mayai, mikono kwa sabuni. Yai lenye ufa lisipikwe nusu nusu.

Sasa msikilizaji, naomba usogee karibu na redio. Tumefika kwenye kiini cha mazungumzo ya leo, na kiini hicho ni mdondo.

Mdondo, wengine wanauita kideri. Nani hajauona? Jioni kuku wako wamelala salama. Asubuhi mmoja kajikunyata, manyoya yamesimama. Kesho yake wanaharisha kijani, wengine shingo imepinda, bawa limelegea, wanahema kwa shida. Baada ya siku chache uani ni kimya. Kati ya kuku ambao hawajachanjwa, mdondo unaweza kuondoka nao karibu wote. Na dawa hakuna. Nasema tena, mdondo hauna dawa ya kutibu. Si shubiri, si pilipili kichaa, si vidonge vya binadamu ulivyosaga ukawatilia kwenye maji. Virusi havisikii hivyo. Kuna kitu kimoja tu kinachosaidia, nacho ni chanjo, tena kabla ugonjwa haujaingia.

Habari njema ni kwamba chanjo hiyo inatengenezwa hapa hapa nchini, na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, ambao makao yao yapo Temeke, na chanjo zao huzalishwa Kibaha. Inaitwa TEMEVAC. Mbegu yake, I-2, ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, kwa makusudi kabisa ya kumfaa mfugaji mdogo asiye na jokofu. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine nyingi za mdondo. Kuvumilia joto hakuna maana uiweke juani dirishani; ifunge kwenye kitambaa chenye maji, iweke kivulini, ikae baridi.

Inatolewaje? Kwa tone. Ni kazi ya mikono miwili na utulivu. Mmoja anamshika kuku, anamlaza kwapani, kichwa upande ili jicho moja litazame juu. Mwingine anashika kichupa kimesimama wima, anadondosha tone moja ndani ya jicho. Moja tu. Unangoja. Kuku anapepesa, tone linaenea, unaliona limezama. Kama limeteleza likaanguka kwenye manyoya, rudia. Ukimwachia haraka akatikisa kichwa, hujamchanja, umemwosha uso. Hata kifaranga anapata tone lake. Unarudia kila baada ya miezi mitatu. Unachanja kuku wazima, si waliokwisha kuugua, na inachukua kama wiki mbili kinga ikomae. Nyama na mayai vinaliwa bila wasiwasi.

Kazi ni nyepesi, sivyo? Basi kwa nini kuku wa mjini bado wanakufa kwa mdondo?

Nitakwambia ninavyoona mimi. Kichupa kimoja kinatosha kuku makumi kwa makumi, na kikishafunguliwa hakikai. Wewe una kuku watano. Unaona ni hasara kununua kichupa kizima kwa matone matano. Jirani yako ana wanne, naye anaona hivyo hivyo. Yule wa nyumba ya tatu ana saba. Kila mmoja kwake anapiga hesabu, kila mmoja anaahirisha, mdondo unapiga hodi, unawachukua wote kumi na sita na wengine wa mtaa wa pili. Bei ya kichupa ikigawanywa nyumba tano inakuwa ndogo kwa kila nyumba. Fedha si kikwazo. Kikwazo ni kwamba hatujakaa tukaongea.

Kuku wa mjini hachanjwi na mtu mmoja, msikilizaji. Anachanjwa na mtaa. Ukichanja wako peke yako umewaokoa wako, ni vizuri, lakini ugonjwa unaendelea kuzunguka uani kwa jirani, na kifaranga wako atakayeanguliwa wiki ijayo bado yuko hatarini. Kwa hiyo anza na watu wa uani wenu. Halafu mpigieni hodi mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, awaambie nyumba nyingine. Mmoja akusanye fedha, mmoja aende dukani, na yule bwana mifugo niliyekuuliza habari zake muda ule, aalikwe. Mkutane alfajiri, kuku wakiwa bado bandani. Mkiwafungulia kwanza, mtawakimbiza mpaka Msimbazi.

Kuna jambo jingine la mdondo, hili linanikera, nitalisema waziwazi. Kuku wa mtu wameanza kuugua. Badala ya kuwatenga, anawakamata upesi upesi waliobaki, anawafunga miguu, anawapeleka sokoni wauzwe kabla hawajafa. Anayenunua anawapeleka uani kwake. Amenunua kifo cha kuku wake wote. Najua uchungu wa kupoteza mtaji ndani ya wiki, najua kabisa, lakini kumuuzia mwenzako maradhi ni dhuluma. Aliyekufa kwa mdondo azikwe au achomwe. Na kama mtaa wenu umejaa zege na hakuna pa kumfukia, mwulize bwana mifugo, usimtupe jalalani ambako mbwa na kunguru watamsambaza.

Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa afya ya banda, kamba haitoshi. Kuku mgeni atengwe kabisa, chombo chake cha maji peke yake, wiki mbili, ndipo aungane na wenzake.

Wageni hawa wanatoka wapi? Wengi wametoka mbali. Kuku wa kienyeji wanaoliwa mjini hapa wanatoka Singida, Dodoma, Tabora, Shinyanga, wanasafiri usiku kucha kwenye matenga juu ya magari, wanashushwa alfajiri, kisha wanagawanyika: wengine soko la kuku la Shekilango, wengine Kisutu, ambako mama anachagua kuku yu hai, anampapasa kifua, anachinjiwa na kunyonyolewa hapo hapo. Ukiwahi ukamwona kuku aliyetolewa kwenye tenga baada ya safari ile, utaona macho yamefumba, ulimi umekauka. Halafu anafungwa miguu pamoja na wenzake sita, wananing'inizwa vichwa chini kwenye usukani wa bodaboda, katikati ya jua na moshi.

Tunayo sheria kwa ajili yake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ilipitishwa mwaka 2008, na inakataza kumtesa mnyama, pamoja na katika kumsafirisha. Lakini hata bila sheria, hebu jiulize, inagharimu nini kumtia kuku kwenye tenga dogo nyuma ya pikipiki, akakaa kwa miguu yake? Na kumpa maji akishuka? Tunamchinja kwa jina la Mungu, tunatafuta kisu kikali ili asiteseke. Saa chache kabla ya hapo tumemning'iniza. Mimi naomba madereva wa bodaboda, vijana wangu, mlitazame hili. Na wewe mnunuzi mwambie dereva, "Mwanangu, usimning'inize, mtie kwenye tenga." Ukisema wewe mwenye fedha, atasikia.

Nimesema tutamgusa mbuzi. Mbuzi wa Kariakoo wanaonekana zaidi karibu na Idi el Hajj, wamefungwa kwenye nguzo za baraza, wanatafuna maboksi ya madukani. Boksi halimuui, ila gundi na utepe wa plastiki si chakula, mletee majani. Afadhali tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Kabla ya hapo wachinjaji walikuwa wakipasua tumbo la mbuzi au ng'ombe na kukuta mafundo ya mifuko ya rambo.

Na paka tuwaache waishi, maana bila wao panya wa Kariakoo wangekula mayai na vifaranga na mchele wenyewe. Ila paka au mbwa akimng'ata mtoto, usimpake mafuta ya taa wala chumvi. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kamili, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo ya kichaa cha mbwa. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi mbwa na paka huchanjwa bure. Fuatilia kata kwenu.

Muda wangu unakwisha, ila bado kuna la dawa. Kuku wanapopata maradhi yenye tiba, kama mafua ya kuku au kuhara damu, na ukawapa dawa, soma karatasi iliyomo. Kuna siku za kusubiri kabla ya kula au kuuza mayai na nyama. Yai lenye mabaki ya dawa huna namna ya kuliona kwa macho. Anayelila ni mtoto wa shule aliyenunua chipsi mayai pale kona ya Mkunguni, na wadudu wa mwilini mwake wanaanza kuizoea dawa ambayo siku moja ataihitaji mwenyewe. Hizo siku za kusubiri zina gharama, najua. Trei kadhaa zinapotea. Zipotee.

Nimalizie na jogoo, maana huyu ndiye anayepelekwa kwa mjumbe mara nyingi kuliko wote. Mnakaa ghorofani au nyumba zimebanana, jogoo anaanza saa tisa usiku. Jirani yako ni nesi, ametoka zamu. Ufanyeje? Kwanza, kama unataka mayai tu ya kula, huhitaji jogoo hata kidogo. Tetea anataga bila jogoo, ila mayai hayataanguliwa. Ukitaka vifaranga, mwazime jogoo wa mwenzako, umtenge kwanza kama mgeni yeyote, akae siku kadhaa, kisha arudi kwake. Na kama lazima umfuge wako, mlaze kwenye boksi au banda la giza lenye dari ya chini lakini hewa inapita, asione taa ya barabarani, maana taa ndiyo inayomdanganya kuwa kumekucha. Hataacha kuwika, lakini atachelewa mpaka karibu na adhana, na saa hiyo wengi tumeshaamka.

Halafu mayai yakipatikana, mpelekee yule nesi mawili matatu kwenye kisahani. Usingoje akulalamikie kwanza.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza kuhusu bata wa Bonde la Msimbazi na wafugaji wake. Kama una swali kuhusu chanjo ya mdondo, mwandikie mjumbe wenu majina ya nyumba zenye kuku kwanza, kisha mfuateni bwana mifugo wa kata.